Vinia za Kauri, Chai ya Rangi na Umri wa Meno: Kumbukumbu za Nachingwea na Ruangwa

Vinia ya kauri ni kipande chembamba kinachogandishwa mbele ya jino ili kuficha rangi, ufa, upenyo au umbo lisilopendeza. Unene wake mara nyingi ni kati ya milimita 0.3 na 0.7, sawa na ukucha wa kidole, na karibu na fizi huwa nyembamba zaidi. Anayelipia kazi hiyo huambiwa kwamba kauri hainywi rangi. Kauli hiyo ni ya kweli kwa sehemu kubwa, na ukweli wake ndio unaowapotosha wengi, kwa sababu jicho haliioni kauri peke yake. Linaona kauri, gundi iliyo nyuma yake, jino lililo nyuma ya gundi, mstari wanapokutana, na meno ya jirani. Katika hivyo vitano, kauri ndiyo inayobadilika kidogo kuliko vingine vyote.

Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, vinia si kazi ya kila siku. Kazi ya kila siku ya vyumba vya meno huko ni kung'oa, kuziba na kukwangua ugaga. Vinia hufika zikiwa tayari midomoni mwa watu: mwalimu aliyehamishwa, ofisa wa benki, mhandisi aliyefuata madini ya kinywe Ruangwa, mfanyabiashara aliyekwenda Dar es Salaam baada ya minada ya korosho akarudi na tabasamu jipya. Tabibu wa meno aliyehudumu katika wilaya hizo mbili, ambaye kumbukumbu zake ndizo msingi wa maelezo haya, hakugandisha vinia hata moja katika miaka hiyo. Alichopata ni nafasi ambayo mtengenezaji wa mjini mara nyingi haipati: kuziona kazi hizo miaka kadhaa baadaye, zikiwa zimekwisha kunywa chai, kahawa, soda na maji ya mabibo.

Nachingwea ni mji uliozoea wageni. Mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika mwaka 1951 ulileta wafanyakazi na reli. Baadaye ikawa kambi ya wapiganaji wa FRELIMO hadi uhuru wa Msumbiji mwaka 1975. Na hadi leo chuo cha ualimu na kambi za jeshi huleta watu kutoka kila pembe ya nchi. Kila mmoja huja na meno yaliyoumbwa kwa maji ya kwao. Ndiyo maana jino lenye madoa ya kahawia ya floraidi, ambalo mtu angetarajia kuliona Arusha, huonekana pia kusini kabisa.

Mwalimu mmoja wa kike alikuwa na meno ya namna hiyo. Alikulia upande wa Maji ya Chai, wilayani Arumeru, ambako maji yana floraidi nyingi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Floraidi ikizidi wakati meno ya ukubwani yanajengwa ndani ya taya, enameli hutoka ikiwa na vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na vitundu hivyo hushika rangi ya kahawia baada ya jino kuota. Doa la aina hiyo liko ndani ya jino, halitoki kwa mswaki. Kabla ya kuhamia kusini aliwekewa vinia nne za mbele, juu, katika kliniki ya Dar es Salaam. Fedha zilimruhusu nne tu, na meno mengine yalikuwa na madoa mepesi yaliyoweza kuvumilika. Baada ya miaka kadhaa Nachingwea alifika kwa tabibu na lalamiko moja: "Daktari, niliambiwa hazibadiliki rangi. Mbona zimeniharibikia?"

Tabibu alimpeleka dirishani. Alikuwa na kipimo cha rangi cha kampuni ya Vita, kile cha vipande 16 kuanzia A1 hadi D4 ambacho kimetumika duniani tangu mwaka 1956, na mwalimu alikuwa ametunza karatasi ya kliniki iliyoandikwa rangi ya vinia zake. Kipande cha rangi hiyo kilipowekwa kando ya vinia, vililingana. Kilichokuwa kimesogea ni meno ya pembeni, chonge na meno ya chini, yaliyokuwa yamepanda hadi njano nzito. Vinia zilionekana ngeni kwa sababu zilibaki pale pale. Jambo la pili lilihitaji kioo na mwanga wa karibu: mstari mwembamba wa kahawia chini ya ufizi, mahali kauri inapokutana na jino. Mwalimu hakuwa ameutaja mstari huo, lakini ndio uliofanya meno yote manne yaonekane yamechakaa.

Mfano huu mmoja una karibu kila kitu kinachohitaji kuelezwa.

Kauri ya meno kwa asili yake ni kioo. Zile za zamani hutengenezwa kwa unga wa madini ya feldispa unaochomwa tanuruni. Za sasa nyingi huwa na fuwele za lithiamu disiliketi ndani ya kioo, nazo huhimili nguvu zaidi. Uso wa kauri iliyochomwa vizuri umefungika. Rangi za chai na kahawa hukosa pa kuingilia, hubaki juu na kuondoka kwa kupiga mswaki. Plastiki ni kinyume chake. Resini inayotumika kuziba meno, na ambayo baadhi ya kliniki huitandika mbele ya jino kuwa vinia ya bei nafuu, hufyonza maji kidogo kidogo kwa maisha yake yote, na maji hayo huingia na rangi. Dereva mmoja wa Ruangwa alikuwa na vinia mbili za resini kwa muda usiozidi miaka michache, naye alikuwa mtu wa kahawa. Zilikuwa na rangi ya mti wa mninga. Hakuna aliyemdanganya. Alilipia plastiki akapata plastiki, ila neno lilikuwa moja kwa vitu viwili, na yeye alidhani amepata kilekile cha mwalimu.

Hata hivyo kauri nayo ina ngozi. Fundi sanifu huimaliza kwa tabaka la mng'ao linalochomwa mwisho, na tabaka hilo ndilo linaloifanya iteleze. Daktari akisaga vinia kidogo baada ya kuigandisha ili meno yakutane sawasawa, mng'ao huondoka mahali hapo, na kama haurudishwi kwa kung'arisha hatua kwa hatua hadi kwa mafuta ya almasi, unabaki uso wenye mikwaruzo. Watafiti wa meno huchukua mikromita 0.2 kuwa kiasi cha ukwaruzo ambacho kikipita, utando wa bakteria huanza kushikamana zaidi. Utando ukishika, chai hupata mahali pa kukaa. Rangi hiyo iko juu ya kauri na mtaalamu anaweza kuiondoa, lakini itarudi mapema kuliko ilivyotoka, kwa kuwa sababu yake haijaondoka.

Gundi ndiyo inayostahili maelezo marefu zaidi, na kwa kweli historia ya vinia ni historia ya gundi. Charles Pincus, daktari wa meno wa California, alianza kuwawekea waigizaji wa sinema vipande vya mbele ya meno mwaka 1928. Vilishikiliwa kwa unga wa kubandikia meno ya bandia na kuvuliwa kamera zikizimwa. Mwaka 1955 Michael Buonocore alionyesha kwamba enameli ikipakwa asidi ya fosforiki hupata vitundu ambavyo plastiki inaweza kushika. Rafael Bowen akaja na resini ngumu zaidi, iliyopata hataza mwaka 1962. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikafahamika kwamba hata kauri yenyewe inaweza kupakwa asidi, ya hidrofloriki, na upande wake wa nyuma ukashikana na resini hiyo. Tangu hapo vinia ikawa kitu cha kudumu. Lakini kilichoiwezesha kudumu ni plastiki, kitu kilekile kilichogeuka mninga mdomoni mwa dereva, safari hii kikiwa kimefichwa nyuma ya kioo.

Gundi za resini huganda kwa namna mbili kuu. Nyingine huganda kwa mwanga wa bluu peke yake. Nyingine zina pia kemikali zinazogandisha zenyewe hata pasipo mwanga. Zile za pili hutumia amini ambazo baada ya muda huoksidika na kuwa za manjano, hata kama mwenye jino hanywi chochote ila maji. Kwa vinia nyembamba ambazo mwanga unapita bila shida, madaktari wengi huchagua za mwanga peke yake kwa sababu hiyo. Unene ndio unaoamua madhara: nyuma ya kauri ya milimita 0.7 gundi ikigeuka kidogo haionekani sana, nyuma ya milimita 0.3 inaonekana. Hapa pana mkanganyiko ambao mteja haambiwi mara nyingi. Vinia nyembamba husifiwa kwa kuwa haichongi jino sana, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini kadiri inavyopungua unene ndivyo rangi yake inavyotegemea vitu vilivyo nyuma yake.

Mwanga wenyewe nao una uzito wake. Kiungo kinachopokea mwanga ndani ya gundi nyingi ni kamforikwinoni, unga wa manjano unaopoteza rangi yake ukitumika. Taa ikiwa dhaifu, betri yake ikiwa imechoka au ncha yake ikiwa imegandwa na resini ya kazi zilizopita, gundi huganda nusu. Kwa siku ya kwanza hakuna atakayejua. Nusu isiyoganda hubaki na manjano yake na hufyonza maji kwa wepesi, na mgonjwa hulaumu chai. Kwa vyumba vya meno vilivyo mbali na mafundi wa vifaa, tabibu huyu alikuwa na ushauri mmoja aliousisitiza kwa wanafunzi wa mafunzo ya vitendo kuliko wowote: taa ipimwe nguvu, isiaminiwe kwa sababu tu inawaka.

Kisha kuna ukingo. Hapo ndipo gundi inapokuwa wazi kwa kinywa, kwenye mstari mwembamba ambao hakuna kauri ya kuulinda. Mabadiliko ya joto huufanyia kazi. Jino, gundi na kauri havitanuki kwa kiasi kimoja. Chai ya moto ikifuatwa na maji ya mtungi, kila kimoja hujongea kwa kipimo chake, na baada ya maelfu ya mara hizo panaweza kufunguka ufa mdogo ambao rangi huingia na haisafishiki. Ndiyo maana maabara huzeesha vinia kwa kuzizamisha kwa zamu katika maji ya nyuzi 5 na ya nyuzi 55 za Selsiasi. Makadirio yanayotumika sana huhesabu zamu 10,000 kuwa karibu mwaka mmoja wa kinywa. Kipimo cha kahawa nacho kina hesabu yake: mnywaji wa wastani huchukuliwa kuwa na vikombe 3.2 kwa siku, kila kimoja dakika 15, hivyo kuiacha sampuli ndani ya kahawa saa 24 kunalingana na mwezi mmoja.

Hesabu hiyo ni safi, lakini haikutungwa kijiweni. Kahawa ya Nachingwea hunywewa chungu, bila maziwa, katika vikombe vidogo vinavyojazwa tena na tena kutoka kwenye dele, huku bao likiendelea. Mzee anayekaa kuanzia alasiri hadi adhana ya magharibi huenda hafikishi ujazo wa kikombe kimoja kikubwa cha ofisini, lakini meno yake yamelowa kahawa saa nzima na zaidi. Kwa rangi, muda wa kulowa una maana kuliko ujazo. Chai ya rangi ya asubuhi inayoandamana na muhogo au chapati humezwa na kwisha. Ile inayobebwa katika chupa ya joto na kunywewa kidogo kidogo darasani hadi saa saba mchana ni jambo jingine kabisa. Mwalimu wa Maji ya Chai alikuwa na chupa ya namna hiyo mezani pake.

Chai hupaka kwa sababu ya tanini na viini vya rangi vinavyozaliwa majani yanapochachushwa. Vitu hivyo hushikana kwa urahisi na utando wa protini za mate unaofunika kila kitu kinywani, kauri ikiwamo. Maziwa hupunguza makali yake, kwani protini ya maziwa huikamata tanini kabla haijafika kwenye jino. Dawa ya kusukutua yenye klorheksidini hufanya kinyume: huisaidia chai kushika, na mtu aliyepewa dawa hiyo baada ya kung'olewa jino anaweza kushangaa kuona vinia zake zimepata kivuli cha kahawia ndani ya wiki mbili. Kivuli hicho hung'olewa kwa usafishaji wa kawaida.

Mabibo yana sura yake. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba hadi mwisho wa mwaka, tunda hilo hujaa kila mahali, na kila mama wa wilaya hizi anajua kwamba nguo iliyodondokewa maji yake haitakati tena. Ni tanini vilevile, pamoja na asidi. Maji hayo yakichacha huwa uraka; uraka ukipikwa na kukamatwa mvuke huwa nipa. Mtu angedhani kinywaji chenye rangi ndicho adui na kile cheupe ni salama. Kwa vinia mambo hayako hivyo. Uraka hupaka juu, na kinachopakwa juu kinaweza kufutwa. Nipa haipaki chochote, lakini pombe kali hulainisha resini, na gundi iliyolainika ukingoni hupokea rangi ya kila kinachofuata. Wanaokunywa nipa usiku na chai ya rangi asubuhi hufanya kazi zote mbili kwa mpangilio usiofaa.

Soda nyeusi, ukwaju na juisi ya choya huingia katika kundi la asidi. Cola ina pH ya karibu 2.5, ilhali enameli huanza kuyeyuka kwenye pH ya karibu 5.5. Katika majaribio mengi cola peke yake hupaka kidogo kuliko kahawa. Madhara yake makubwa ni kukwaruza uso wa resini na kuila enameli iliyo kando ya ukingo, hivyo kauri hubaki imechomoza kama ngazi ndogo inayoshika utando. Tambuu na sigara havina haja ya maelezo marefu. Katika ufuatiliaji wa vinia 318 uliofanywa Innsbruck, Austria, na kuchapishwa mwaka 2012, vinia zilizokuwa bado zinafanya kazi baada ya miaka 10 zilikadiriwa kuwa asilimia 93.5, na baada ya miaka 20 karibu asilimia 83. Kingo zilizobadilika rangi zilikuwa nyingi zaidi kwa wavutaji.

Ni kiasi gani cha mabadiliko kinachoonekana? Tangu mwaka 1976 rangi hupimwa kwa mfumo wa namba tatu: weupe na giza, wekundu na ukijani, unjano na ubuluu. Tofauti kati ya vipimo viwili hujumlishwa kuwa namba moja. Kwa mizani hiyo, nusu ya watazamaji huanza kuona tofauti inapofika 1.2, na nusu huanza kuikataa ikifika 2.7. Vinia za kauri zilizogandishwa vizuri mara nyingi hubaki chini ya kiwango hicho cha kukataliwa hata baada ya kuzeeshwa na kulowekwa. Resini hukipita bila taabu. Kipimo hiki hata hivyo hulinganisha sampuli na ilivyokuwa jana yake. Kinywani, mtu hulinganisha vinia na jino la pembeni leo hii, na jino la pembeni lina mwendo wake.

Jino huzeeka kwa kuelekea njano. Enameli, ambayo ni nyeupe iliyo angavu, huliwa kidogo kidogo; dentini iliyo chini yake, ambayo ni ya manjano, huongezeka kuelekea ndani na kuwa nzito. Fizi hushuka, na shingo ya jino ambayo haikuwahi kuwa na enameli hujitokeza. Wazee wa Kimakonde na wa Kimakua waliochongwa meno ujanani, desturi ambayo mtafiti Mjerumani Karl Weule aliikuta alipopita Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906, ni somo zuri kwa yeyote anayetaka kuelewa jambo hili. Sehemu zilizochongwa hadi dentini zimekuwa nyeusi au kahawia iliyokolea, ilhali enameli iliyobaki kando yake ni nyepesi zaidi. Urembo huo nao uligharimu enameli, kama unavyogharimu urembo wa sasa. Karibu na fizi, enameli ya jino la mbele mara nyingi haizidi nusu milimita, na daktari anayechonga kwa ukarimu huifikia dentini bila kutaka. Gundi hushika vizuri kwenye enameli na kwa mashaka zaidi kwenye dentini, kwa hiyo ukingo ulioishia kwenye dentini ndio unaofunguka na kupakwa rangi kwanza. Kwa mwalimu, mstari wa kahawia ulikuwa hapo hapo, fizi iliposhuka.

Lipo pia badiliko linalotoka ndani kabisa. Jino likifa mshipa wake kwa kuanguka au kugongwa, hugeuka kijivu, na vinia iliyo juu yake hugeuka nalo. Hapo hakuna kinywaji cha kulaumiwa, na kusafisha hakusaidii. Tabibu huuliza kwanza kama mtu aliwahi kuanguka na pikipiki.

Usafi wenye nia njema umeharibu vinia nyingi pengine kuliko kahawa. Mkaa uliosagwa, majivu, chumvi ya mawe, magadi na ndimu hutumika sana kung'arisha meno. Kauri ni ngumu na huvumilia, lakini gundi ya ukingoni na shingo ya jino havivumilii. Vikiliwa, panabaki mfereji, na mfereji huhifadhi chai. Ndimu juu ya magadi huleta povu linalowapa watu imani, basi. Kinachofaa ni mswaki laini, dawa ya meno ya kawaida isiyo ya kung'arisha yenye chenga, na kusukutua kwa maji baada ya chai. Mswaki wa mti unafaa pia ukitafunwa hadi uwe laini na kusuguliwa kwa kufuata jino kutoka kwenye fizi.

Upande wa watoa huduma kuna tahadhari zake. Jeli ya floraidi yenye asidi, ya asilimia 1.23, ambayo hupakwa kuzuia kuoza kwa meno, hula mng'ao wa kauri. Mwenye vinia apakwe floraidi isiyo na asidi. Ncha ya mashine ya kukwangua ugaga ikipita ukingoni humegua kauri au kuchimba gundi, kwa hiyo eneo hilo husafishwa kwa mkono, taratibu. Mambo haya hayahitaji kifaa cha gharama. Yanahitaji tabibu ajue kuwa vinia zipo, na nyingine zimetengenezwa vizuri kiasi kwamba asipoambiwa hatazitambua. Ndiyo sababu mwenye vinia anapaswa kusema kabla ya kukaa kitini, na atunze karatasi ya kliniki yake kama mwalimu alivyoitunza, ikiwa na aina ya kauri, rangi, na jina la gundi.

Vinia inayoonekana kubadilika hukaguliwa kuanzia jambo jepesi. Kwanza usafishaji, kwa kuwa rangi nyingi ziko juu. Pili, ukingo hung'arishwa kwa diski laini. Mstari ukiwa wa juujuu huondoka, na palipofunguka kidogo panaweza kuzibwa upya kwa resini nyembamba. Tatu, kama tatizo ni majirani, majirani ndio wa kushughulikiwa. Dawa ya kung'arisha meno haiigusi rangi ya kauri, lakini jeli ya kabamaidi peroksaidi ya asilimia 10, inayovaliwa usiku ndani ya kifuniko kilichofinyangwa kwa meno ya mtu mwenyewe, njia iliyoelezwa na Haywood na Heymann mwaka 1989, huweza kuyarudisha meno ya pembeni karibu na rangi ya vinia ndani ya wiki chache. Kwa meno yaliyoguswa na floraidi matokeo huwa ya polepole, na madoa meupe huweza kuonekana zaidi siku za mwanzo.

Kubadilisha ni hatua ya mwisho. Vinia haivuliwi, husagwa hadi iishe, au hulegezwa kwa leza katika kliniki chache kubwa zilizo nayo. Kusaga kauri yenye rangi ya jino iliyoshikwa kwa gundi yenye rangi ya jino juu ya enameli yenye rangi ya jino ni kazi inayopoteza enameli hata mikononi mwa mzoefu, na vinia ya pili huanza ikiwa na msingi dhaifu kuliko ya kwanza.

Mwalimu alisafishwa na kung'arishwa kingo Nachingwea, na likizo ya Juni alikwenda Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 500, kutengenezewa kifuniko cha jeli. Chai ya chupa aliihamishia saa ya mapumziko, ikawa kikombe kimoja chenye maziwa. Mistari mitatu kati ya minne ilitoka. Wa nne, kwenye vinia ya kushoto kabisa, ulikuwa umeingia ndani ya gundi. Ulionekana kwa kioo cha karibu tu na haukuonekana mtu akizungumza naye, kwa hiyo tabibu hakushauri vinia hiyo isagwe, na mwalimu hakuitaka isagwe.